Kupanga waigizaji kwa mapato ya sinema: dola zilivyoandikwa, dola zilizorekebishwa, au tiketi?

Ubishi wa nani ni stelingi namba moja duniani hauishi Mwanza. Utaukuta kwenye mabanda ya video ya Igoma na Mabatini, kwa wauza flashi wa Makoroboi, na kwa wanafunzi waliopanga vyumba kule Malimbe. Kila mmoja anafungua simu na kuonyesha orodha, na orodha hazifanani: mmoja ana Samuel L. Jackson juu, mwingine Scarlett Johansson, mwingine anasema hao wote ni watoto mbele ya Clark Gable. Hakuna anayedanganya. Kila orodha imepima kitu chake, na mara nyingi haikusema imepima nini.

Chukua banda la video la kawaida. Tuseme mwaka 2010 kiingilio kilikuwa shilingi 200 na picha ya Jumamosi iliingiza watu 60: hiyo ni shilingi 12,000. Tuseme leo kiingilio ni 500 na wameingia watu 30: shilingi 15,000. Daftari la fedha linasema biashara imekua. Vile vijiti ambavyo mtu wa mlangoni anachora, vitano vitano, vinasema nusu ya watazamaji wameondoka. Hollywood nayo ina madaftari hayo mawili, na orodha nyingi za mitandaoni zimenakiliwa kutoka daftari la fedha.

Msimamo wetu tunauweka wazi mapema, hoja zifuate. Ukitaka kujua nani aliwavuta watu, hesabu tiketi. Zihesabu kwa filamu ambazo mwigizaji alikuwa stelingi kweli, kisha tazama filamu yake ya katikati badala ya jumla yote. Njia nyingine zina kazi zake, na tutasema ni kazi gani.

Dola zilivyoandikwa

Hii ndiyo njia rahisi: unachukua mapato ya kila filamu kama yalivyotangazwa, unajumlisha, basi. Kwa njia hii Guinness, kitabu cha rekodi za dunia, kilimtaja Samuel L. Jackson mwaka 2011 kuwa mwigizaji mwenye mapato makubwa kuliko wote, dola bilioni 7.42. Julai 2025, baada ya Jurassic World Rebirth kutoka, Scarlett Johansson akapandishwa kileleni mwa orodha ya waigizaji wakuu. Zoe Saldaña naye ana sifa ambayo si ya mchezo: yumo kwenye Avatar, Avengers: Endgame na Avatar: The Way of Water, filamu tatu zilizoingiza dola nyingi kuliko zote kabla ya hesabu ya mfumuko wa bei.

Njia hii inafaa kwa swali moja tu: fedha kiasi gani zimepita mahali ambapo jina hili limeandikwa. Haifai kulinganisha vizazi. Mwaka 1977 wastani wa bei ya tiketi Marekani ulikuwa dola 2.23, na mwaka 2019 ulikuwa dola 9.16. Mtazamaji mmoja wa 2019 anahesabika kama watazamaji wanne wa 1977. Kwa mtindo huo mwigizaji wa leo anaanza mbio akiwa ameshafika nusu ya njia.

Fahirisi ya bei au bei ya tiketi?

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo, kwa hiyo tukae kidogo.

Kuna namna mbili za kurekebisha mfumuko wa bei. Ya kwanza ni kutumia fahirisi ya bei za mlaji, kipimo kilekile ambacho Ofisi ya Taifa ya Takwimu hukitoa kila mwezi kwa bei za hapa kwetu: unga, nauli, kodi ya nyumba, mafuta. Marekani nao wana yao. Wastani wake ulikuwa 60.6 mwaka 1977 na 255.7 mwaka 2019. Gawa ya pili kwa ya kwanza unapata 4.22, ndiyo namba ya kuzidishia dola za 1977. Namna ya pili haishughuliki na unga wala nauli. Inagawa mapato kwa wastani wa bei ya tiketi wa mwaka husika, na jibu ni idadi ya tiketi zilizouzwa.

Watu hudhani njia hizi mbili hutoa jibu moja. Tazama filamu tano, mapato ya Marekani na Kanada pekee, tukiuchukua mwaka 2019 kuwa msingi kwa sababu ndio wa mwisho kabla ya Korona kufunga kumbi:

| Filamu | Dola zilizoandikwa (milioni) | Kwa fahirisi, dola za 2019 (milioni) | Tiketi (milioni) |
|---|---|---|---|
| Star Wars, 1977, bila marudio ya 1982 na 1997 | 307 | 1,296 | 138 |
| Titanic, 1997, mzunguko wa kwanza | 601 | 942 | 128 |
| Avatar, 2009, mzunguko wa kwanza | 750 | 885 | 97 |
| Star Wars: The Force Awakens, 2015 | 937 | 1,007 | 110 |
| Avengers: Endgame, 2019 | 858 | 858 | 94 |

Soma safu ya kwanza ya namba kutoka kubwa kwenda ndogo: The Force Awakens, Endgame, Avatar, Titanic, Star Wars. Sasa soma safu ya tiketi: Star Wars, Titanic, The Force Awakens, Avatar, Endgame. Filamu ya mwisho imekuwa ya kwanza, na iliyokuwa ya pili imeshuka mkiani.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni Titanic. Kwa fahirisi iko chini ya The Force Awakens. Kwa tiketi iko juu yake, tena kwa tiketi milioni 18. Kisa ni kwamba mwishoni mwa miaka ya 1990 sinema Marekani ilikuwa rahisi ukilinganisha na bidhaa nyingine, na baadaye bei ya tiketi ikapanda haraka kuliko bei za sokoni. Fahirisi haioni hilo. Anayemuunga mkono Leonardo DiCaprio au Kate Winslet asikubali kabisa kupimiwa kwa fahirisi.

Kwa filamu za zamani sana pengo ni kubwa zaidi. Gone with the Wind, ya Clark Gable na Vivien Leigh, ilitoka Desemba 1939. Kutoka 1939 hadi 2019 fahirisi ya bei iliongezeka mara 18 hivi, lakini wastani wa bei ya tiketi ulitoka senti 23 hadi dola 9.16, karibu mara 40. Filamu ileile, watazamaji walewale, na thamani iliyorekebishwa inaweza kuzidi maradufu kwa kubadilisha kipimo tu. Ukiona mtu ameandika "baada ya kurekebisha mfumuko wa bei" bila kusema kwa kipimo gani, orodha hiyo usiibebe kwenda nayo kijiweni.

Kati ya hizi mbili tunachagua tiketi. Fahirisi inajibu swali la mwekezaji: fedha hii ingenunua nini leo. Tiketi inajibu swali la mtazamaji: wangapi waliamua kutoka nyumbani.

Mahali tiketi zinapokosewa

Kugawa ni kazi ya darasa la nne. Makosa yako kwenye unachokigawa.

Kosa kubwa kuliko yote ni filamu iliyorudishwa ukumbini. Star Wars ya 1977 imeandikwa kuwa na jumla ya dola milioni 461 Marekani. Mtu anagawa 461 kwa 2.23, anapata tiketi milioni 207, anamkabidhi Harrison Ford, mmoja wa mastelingi wake. Lakini fedha hizo hazikuingia wakati mmoja. Milioni 307.3 ni za mzunguko wa kwanza na marudio ya miaka iliyofuata mara moja, milioni 15.5 ni za 1982 bei ilipokuwa dola 2.94, na milioni 138.3 ni za 1997 bei ilipokuwa dola 4.59. Gawa kila fungu kwa bei yake: 138, kisha 5, kisha 30. Jumla ni tiketi milioni 173. Yule wa kwanza alibuni watu milioni 34 ambao hawakuwahi kukaa kwenye kiti.

Kosa la pili ni filamu za Desemba. Titanic ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 19 Desemba 1997, na fedha nyingi iliziingiza 1998, bei ikiwa dola 4.69 badala ya 4.59. Ndiyo maana kwenye jedwali tumeigawa kwa 4.69. Ukitumia bei ya 1997 unapata karibu milioni 131. Avatar nayo ilianza tarehe 18 Desemba 2009: takriban dola milioni 284 ziliingia kabla ya mwaka kwisha kwa bei ya 7.50, na milioni 466 zikaingia 2010 kwa bei ya 7.89. Zigawe mbalimbali unapata milioni 97, zigawe pamoja kwa 7.50 unapata milioni 100. Tofauti ya milioni tatu inatosha kumpandisha au kumshusha mtu nafasi mbili.

Kuna la tatu, ambalo halina dawa kamili. Wastani wa bei ni wastani. Sehemu kubwa ya mapato ya Avatar ilitoka kwenye kumbi za miwani ya 3D, ambako tiketi ilikuwa ghali kuliko kawaida, kwa hiyo hata ile milioni 97 imezidi ukweli. Zamani kulikuwa na jambo la aina hiyohiyo: filamu kubwa zilianza kwa maonyesho ya viti vilivyohifadhiwa, kwa bei ya juu, ndipo zikashuka kwenye kumbi za mitaani. Gone with the Wind, Ben-Hur na The Sound of Music zote zilipitia huko. Gone with the Wind ilipoanza, hata tiketi ya bei ya chini ilizidi mara tatu wastani wa nchi. Anayegawa mapato hayo kwa senti 23 anapata umati ambao haukuwepo. Wanaokadiria kwa makini huipa filamu hiyo tiketi takriban milioni 200 kwa marudio yake yote ya miongo kadhaa, na hilo ni kadirio, kwa hiyo liandike kwa neno "takriban" mbele yake.

La nne linawaumiza waigizaji wa miaka ya 1950 na 1960, Charlton Heston akiwa mbele. Magazeti ya biashara ya sinema enzi hizo hayakuandika mapato ya mlangoni. Yaliandika mgao wa msambazaji, yaani kilichobaki baada ya ukumbi kukata sehemu yake, na mara nyingi kilikuwa karibu nusu. Ukichukua mgao wa Ben-Hur ukauweka kando ya mapato kamili ya Endgame, umemnyang'anya Heston nusu ya watazamaji wake. Dalili ya kosa hili ni kukuta filamu moja ina namba mbili sehemu mbili tofauti, moja ikiwa karibu nusu ya nyingine. Tumia kubwa.

Nani anastahili kuhesabiwa?

Mfumuko wa bei ukishamalizwa vizuri, bado orodha inaweza kuwa ya hovyo. Mfano ulio wazi ni Julie Andrews.

Alikuwa stelingi wa The Sound of Music, 1965, filamu iliyoandikiwa takriban dola milioni 160 Marekani na inayokadiriwa kuuza tiketi zaidi ya milioni 140. Zaidi ya miaka 50 baadaye alitoa sauti ya dude la baharini katika Aquaman, 2018. Sauti tu. Aquaman iliingiza dola milioni 335 Marekani. Kwenye orodha ya dola zilivyoandikwa, ile sauti ina thamani mara mbili ya kazi iliyomfanya Julie Andrews awe Julie Andrews. Kwa tiketi, Aquaman ni kama milioni 37. Marekebisho ya bei yamesaidia, lakini hata hizo milioni 37 si zake. Hakuna aliyepanga foleni kumfuata yeye.

Stan Lee, mtunzi wa vibonzo vya Marvel, ndiye ugonjwa huo ukiwa umekomaa. Alipita sekunde chache kwenye filamu nyingi za Marvel, na orodha zisizochuja humweka juu ya waigizaji waliobeba filamu nzima mgongoni. Samuel L. Jackson amebeba filamu nyingi, hilo halina ubishi, lakini katika Endgame anaonekana msibani, kimya, kisha picha inaendelea. Orodha zisizochuja humpa filamu kama hizo kwa ukamilifu.

Utaratibu tunaoupendekeza ni huu:

- Stelingi, au mmoja wa wawili watatu wanaobeba hadithi: hesabu tiketi zote.
- Mshirika mwenye nafasi halisi, ambaye ukimtoa hadithi inayumba: hesabu nusu. Jackson katika Jurassic Park ya 1993 anakaa hapa.
- Aliyepita tu, au sauti ya mhusika mdogo: sifuri.
- Sauti ya mhusika mkuu wa katuni: tenga safu yake. Tom Hanks katika Toy Story alifanya kazi kubwa, lakini watoto walimfuata Woody, mwanasesere aliyempa sauti.

Filamu za kundi kubwa zinabaki na utata. Endgame ina mashujaa zaidi ya kumi. Wapo wanaogawa tiketi kwa idadi ya majina yaliyo juu kwenye bango. Sisi tunawapa Robert Downey Jr. na Chris Evans zote, kwa sababu hadithi inafungwa juu yao, na wengine nusu. Zoe Saldaña kwenye Avatar ni stelingi kamili, sura yake ikiwa imepakwa bluu au isipakwe. Kwenye Endgame ni mshirika. Ukimhesabu hivyo anashuka kidogo tu, maana zile Avatar peke yake zina uzito mkubwa.

Jumla, wastani au ya katikati

Jumla inampenda aliyefanya kazi miaka mingi. Wastani unapotoshwa na filamu moja iliyolipuka. Ya katikati ndiyo inayosema ukweli wa kila siku: zipange filamu zake kwa tiketi, chukua iliyo katikati.

Mfano ni Harrison Ford, kwa filamu tano zilizopata karibu fedha zao zote katika mzunguko mmoja, ili kukwepa fujo ya marudio:

- Indiana Jones and the Temple of Doom, 1984: dola milioni 179.9 kwa bei ya 3.36, tiketi milioni 53.5
- Indiana Jones and the Last Crusade, 1989: milioni 197.2 kwa 3.97, tiketi milioni 49.7
- The Fugitive, 1993: milioni 183.9 kwa 4.14, tiketi milioni 44.4
- Indiana Jones and the Kingdom of the Crystal Skull, 2008: milioni 317.1 kwa 7.18, tiketi milioni 44.2
- Star Wars: The Force Awakens, 2015: tiketi milioni 110

Wastani ni milioni 60, namba ambayo filamu nne kati ya hizo tano hazikuifikia. Ya katikati ni milioni 49.7, na hiyo ndiyo picha sahihi ya Ford: ukimpa bango, karibu watu milioni 50 wanaingia.

Angalia pia The Fugitive na Crystal Skull. Kwenye dola zilizoandikwa zinapishana kwa milioni 133. Kwenye tiketi ziko sawa, The Fugitive ikiwa mbele kwa unywele. Na The Fugitive haikuwa na jina la Indiana Jones la kuiuza. Ni daktari anayekimbizwa, basi. Tukiulizwa ni filamu ipi inayoonyesha nguvu ya Ford mwenyewe, tutaitaja hiyo kabla ya Star Wars zote.

Nje ya Marekani

Hesabu yote hapo juu ni ya Marekani na Kanada, na kwa makusudi. Mapato ya dunia nzima hayarekebishiki kwa fahirisi ya Marekani, kwa sababu yamekusanywa kwa yeni, yuan, rupia na pauni, kila moja na mfumuko wake, kisha yakageuzwa dola kwa kiwango cha siku ile. Anayechukua bilioni mbili za dunia akazidisha kwa fahirisi ya Washington amezidisha kitu ambacho hakipo.

Ufaransa wamelimaliza tatizo hili zamani: wao hutangaza idadi ya walioingia. Titanic iliingiza zaidi ya watu milioni 20 kule. Bienvenue chez les Ch'tis, 2008, nayo ilivuka milioni 20. Intouchables ya 2011 ilivuka milioni 19, na hapo unamweka Omar Sy kando ya DiCaprio bila kugusa faranga wala yuro. Korea Kusini nao huhesabu vichwa: The Admiral: Roaring Currents ya 2014, stelingi Choi Min-sik, ilipita milioni 17.

China ndiyo inayovuruga orodha zote. Wolf Warrior 2 ya 2017, Wu Jing akiwa stelingi na mwongozaji, iliuza takriban tiketi milioni 159 nchini humo. Hiyo ni zaidi ya Titanic kwa Marekani. Kwenye orodha za Hollywood Wu Jing humkuti popote. Watasema China ina watu wengi, na ni kweli. Basi gawa kwa idadi ya watu: Star Wars ya 1977 iliuza tiketi milioni 138 Marekani na Kanada, zilizokuwa na watu milioni 244 hivi, zaidi ya tiketi moja kwa kila watu wawili. Endgame, milioni 94 kwa watu milioni 366 hivi, haifiki hata moja kwa watatu. Wolf Warrior 2 kwa mizani hiyo inakuwa tiketi moja kwa kila watu tisa. Kipimo hiki cha tiketi kwa idadi ya watu ndicho tungekitumia kulinganisha nchi na nchi, na kwa kazi nyingine tungekiacha.

Kwa Afrika, soma habari za rekodi kwa tahadhari. The Wedding Party ya Nigeria, 2016, iliingiza takriban naira milioni 450 wakati dola rasmi ikiwa kama naira 305. A Tribe Called Judah ya Funke Akindele, iliyotoka Desemba 2023, ilikuwa filamu ya kwanza ya Kinigeria kuvuka naira bilioni moja na ikafika takriban bilioni 1.4, dola ikiwa karibu na 900. Kwa naira ni mara tatu. Kwa dola zote mbili zinakaribia milioni moja na nusu. Kwa tiketi huenda ikawa hadithi nyingine tena, maana kiingilio cha Lagos nacho kilipanda, lakini si lazima kilipanda kwa kasi ya dola. Funke Akindele ana mafanikio ya kweli. Ila usiyapime kwa sarafu iliyokuwa inaanguka huku ukidhani umepima watu.

Hapa ziwani, ipi ya kutumia

Mwenye banda la video anayetaka kupanga ratiba ya wiki asitumie orodha yoyote kati ya hizi kama ilivyo. Zote zinahesabu tiketi za kumbi, na watazamaji wa Kirumba, Sengerema na Ukerewe hawamo hata mmoja. Commando ya Arnold Schwarzenegger, 1985, iliingiza dola milioni 35 Marekani, kwa bei ya 3.55 ni tiketi chini ya milioni 10. Katika orodha ya tiketi ni filamu ya kawaida kabisa. Ukanda huu hakuna aliyekuwa na televisheni na deki asiyeijua. Rambo: First Blood Part II ya mwaka huohuo iliuza tiketi kama milioni 42 Marekani, lakini jina la Rambo lilikaa kwenye mifuko ya plastiki ya masoko yetu mpaka mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Juni 2019. Hakuna daftari la mapato lililoandika hayo.

Kwa mwenye banda kuna njia iliyo karibu zaidi na kazi yake. Tangu 1932 kampuni ya Quigley ya Marekani iliwauliza wenye kumbi wenyewe: mwaka huu ni waigizaji gani waliowaingizia fedha? John Wayne alikaa kwenye kumi bora mara 25. Tom Cruise ameshika nafasi ya kwanza mara saba. Kura hiyo haihitaji fahirisi wala bei ya tiketi, kwa sababu kila mwaka unajilinganisha na mwaka huohuo. Wenye mabanda watano wa Buzuruga wakikaa pamoja wakaulizana swali hilo kila Desemba, watakuwa na orodha yenye faida kwao kuliko ya Hollywood. Sharti ni moja: wahesabu vichwa, na siku za mechi ziondolewe, maana Simba na Yanga si waigizaji.

Kwa waigizaji wa Bongo Movie njia ya tiketi haiwezekani. Soko lile lilijengwa juu ya kanda na CD. Mtayarishaji mara nyingi aliiuza filamu kwa msambazaji kwa bei moja, na nakala zilizochapwa baada ya hapo hazikuandikwa kwa namna ambayo mtu wa nje angeweza kuzihesabu. Ndiyo maana Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012 na kuzikwa na maelfu ya watu, hana namba ya kuweka kwenye jedwali lolote kati ya haya. Mtu akikuletea orodha ya waigizaji wa Tanzania kwa mapato, muulize nakala zilihesabiwa na nani.

Kwa anayetaka kutengeneza jedwali lake kwenye simu, programu yoyote ya hesabu inatosha. Weka safu saba: mwigizaji, filamu, tarehe ya toleo, mapato ya toleo hilo, bei ya tiketi ya mwaka huo, uzito wa nafasi (1, nusu au 0), na tiketi. Fomula ya safu ya mwisho ni mapato kugawa kwa bei, mara uzito. Marudio yaandikie mstari wake, usiyachanganye na toleo la kwanza. Filamu ya Desemba igawe mistari miwili kama una mapato ya kila mwaka. Kama huna, tumia bei ya mwaka uliofuata. Ukimaliza, jumlisha mistari ya filamu moja iwe namba moja kabla ya kutafuta ya katikati, la sivyo marudio ya 1982 ya Star Wars yatahesabiwa kama filamu ndogo ya tiketi milioni tano na kumvuta Ford chini bila kosa lake. Mwigizaji mwenye filamu chini ya tano za ustelingi mwache nje ya jedwali la katikati, umweke kwenye jedwali la filamu bora moja. Jedwali hilo la pili ni la waigizaji wote, na huko Vivien Leigh na Clark Gable, kwa Gone with the Wind, watakuwa juu ya kila mtu uliyemtaja.